Wino wa kujaza: nafuu kwa mwenye printa, hatari kwa mwenye mzigo

Bei ya printa ndogo ya nyumbani inaweza kumvutia mteja yeyote, lakini gharama ya kuitumia ni jambo jingine. Baada ya muda mfupi mteja hurudi dukani kutafuta katriji, na hapo ndipo anapogundua kuwa katriji ya nyeusi na ya rangi kwa pamoja zinaweza kukaribia bei ya mashine nzima.

Hali hiyo ndiyo iliyozipatia soko katriji za kujaza zinazotengenezwa na viwanda vingine, pamoja na chupa za wino zisizo na jina la mtengenezaji wa printa. Wateja wake ni walimu, wanafunzi, vibanda vya kopi, na hata mawakala wadogo wa forodha wanaochapa ankara na orodha za mizigo kwa mashine za nyumbani.

Hata hivyo, mfanyabiashara anayefikiria kuleta bidhaa hii kutoka China au kuivusha kutoka nchi jirani anapaswa kuitazama kwa makini. Nafuu anayopata mwenye printa haiondoi hatari. Kwa sehemu kubwa inaihamishia kwa mwenye mzigo.

HESABU YA WINO

Watengenezaji wakubwa huuza mashine kwa bei ya chini na kurudisha fedha zao kupitia wino. Katriji nyeusi ya HP namba 650, kwa makadirio ya kiwanda, huchapa kurasa 360 hivi. Chupa nyeusi ya Epson ya mililita 70 inayotumika katika printa za tangi za mfululizo wa L imekadiriwa kuchapa kurasa 4,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 11.

Katriji za kujaza zinajaribu kuziba pengo hilo, lakini mashine hazifanani. Katika printa nyingi za Epson kichwa cha kuchapia kimo ndani ya mashine, na katriji ni chombo cha wino chenye chipu tu. Kiwanda kingine kinaweza kutengeneza chombo kama hicho chenye tundu la kujazia, kizibo cha mpira na chipu inayojirudisha kuonyesha kuwa wino umejaa.

Katika printa nyingi ndogo za HP na Canon, kichwa cha kuchapia kimeunganishwa na katriji yenyewe. Hapa kinachojazwa kwa bomba la sindano ni katriji ya asili iliyotumika. Baada ya kujazwa mara kadhaa kichwa huchakaa, na katriji hutupwa hata kama bado ina wino.

CHIPU NA PROGRAMU

Hatari ya kwanza kwa muuzaji haiko mpakani. Iko ndani ya printa ya mteja wake.

Tarehe 13 Septemba 2016 printa nyingi za HP za aina ya OfficeJet zilianza kukataa katriji zenye chipu za viwanda vingine. Programu iliyoleta mabadiliko hayo ilikuwa imekwisha kuingizwa katika mashine, ikisubiri tarehe. Baada ya malalamiko, kampuni iliomba radhi kwa jinsi ilivyowaarifu wateja na kutoa programu nyingine kwa waliotaka kuondoa kizuizi. Baadaye ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi nchini Marekani, na Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 kuhusu vizuizi vya aina hiyo.

Fedha hizo hazikumfidia muuza duka aliyebaki na maboksi ghalani. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayenunua katriji 500 kwa shilingi 5,000 kila moja na kuziuza kwa shilingi 7,000. Mtaji wake ni shilingi 2,500,000 na anatarajia ziada ya shilingi 1,000,000 kabla ya usafiri na kodi. Ikiwa katriji 100 zitarudishwa kwa kukataliwa na printa, na akawarejeshea wateja fedha zao, ziada hiyo inashuka hadi shilingi 300,000. Kwa kiasi hicho usafiri peke yake unaweza kumaliza faida yote.

Muuzaji pia anapaswa kuuliza mteja ana mashine gani. Mwaka 2020 HP ilizindua mpango wa HP+, ambao printa zilizosajiliwa humo hudai intaneti na wino wa asili wakati wote. Mteja wa mashine hiyo akiuziwa katriji ya kiwanda kingine, atairudisha.

SHERIA INASEMAJE

Kuna bidhaa tatu ambazo mara nyingi huchanganywa sokoni. Ya kwanza ni katriji ya asili iliyotumika na kujazwa upya. Ya pili ni katriji mpya ya kiwanda kingine, iliyoandikwa jina la kiwanda hicho na printa inayofaa. Ya tatu ni bandia, yaani yenye boksi na nembo ya kuiga ili mnunuzi aamini ni ya asili.

Kwa bandia hakuna mjadala. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na Tanzania Tume ya Ushindani husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mzigo kama huo unaweza kukamatwa na mwenyewe kushitakiwa, hata kama wino uliomo ni mzuri.

Tofauti kati ya bidhaa mbili za kwanza haionekani haraka. Marekani inatoa mfano. Mei 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Lexmark, iliamua kuwa kampuni ikishauza katriji haiwezi tena kutumia hataza kumzuia mtu kuijaza na kuiuza upya, hata kama iliuzwa nje ya nchi. Lakini mwaka 2007 tume ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo hiyo ilizuia kuingizwa kwa katriji za wino zilizokiuka hataza za Epson.

Hukumu hizo hazifungi mahakama za Afrika Mashariki. Zinaonyesha tu kuwa kujaza kilichouzwa ni jambo moja, na kutengeneza kipya kwa umbo la mwenzako ni jambo jingine.

MPAKANI NA BARABARANI

Katriji zilizotengenezwa China hazigeuki kuwa bidhaa za Afrika Mashariki kwa sababu zimenunuliwa Kampala au Nairobi. Cheti rahisi cha uasilia, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Anayevuka na katriji akitegemea cheti hicho anajitafutia kesi.

Aidha, fungu la forodha lijulikane mapema. Wino upo katika fungu la 3215, na printa pamoja na sehemu zake katika fungu la 8443. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliwahi kuamua mwaka 2002 kuwa katriji ya printa ya Epson isiyo na kichwa cha kuchapia iwekwe katika fungu la wino. Chombo kitupu cha kujaza, katriji yenye kichwa na chupa ya wino huenda visitozwe sawa, hivyo wakala aulizwe kabla mzigo haujaondoka.

Wasafirishaji nao wana la kuangalia. Mzigo unaotoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Kigali au Goma hupanda mita 1,500 hivi. Hewa iliyofungiwa ndani ya katriji iliyojaa hutanuka na kusukuma wino nje. Chupa moja ikivuja inaweza kuharibu maboksi ya wenzake na nguo zilizopakiwa chini yake. Katriji tupu na chupa zilizofungwa vizuri, zikisimamishwa wima, husafiri kwa usalama zaidi.

Kuna pia suala la hati. Wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa katika maji hutawanyika karatasi ikilowa, wakati wino wa pigimenti hustahimili zaidi. Lakini pigimenti ikitiwa katika printa isiyoandaliwa kwa wino huo huweza kuziba kichwa cha kuchapia. Anayechapa ankara za dereva atumie wino unaoruhusiwa na mashine, kisha aziweke hati katika mfuko wa plastiki.

SOKO LINAKOELEKEA

Watengenezaji wenyewe wameliona soko hili. Oktoba 2010 Epson ilianza kuuza printa za tangi nchini Indonesia, ambako wateja walikuwa wakifunga mipira na matangi ya wino ya viwanda vingine katika mashine zake. Canon ilifuata kwa mfululizo wa PIXMA G mwaka 2015. Mashine hizi ni ghali zaidi kuzinunua, lakini hujazwa kwa chupa, na nyingi hazina katriji yenye chipu ya kukataliwa.

Kwa mwenye mtaji mdogo, chupa za wino wa printa za tangi zina hatari ndogo kuliko katriji za chipu. Anayeendelea na katriji aanze na boksi moja, azijaribu katika mashine zilizoko mtaani kwake, na kukubaliana kwa maandishi na muuzaji wa jumla nani atabeba zile zitakazokataliwa. Muuzaji wa jumla asiyekubali sharti hilo anamwachia mnunuzi hasara yote.