Tuseme Kweli Juu ya Bia Tunayokunywa



Siku ya mshahara, jioni, ingia katika baa yo yote ya Kitale au ya Bungoma, utasikia mabishano. Si ya siasa wala ya mpira peke yake. Watu wabishana juu ya bia. Mmoja asema Tusker ndiyo bia, nyingine zote ni maji. Wa pili asema White Cap ni ya watu waliokomaa. Wa tatu ameshika kikombe cha Senator ya pipa, ile ambayo huku kwetu watu waliibatiza jina la Obama, naye asema hao wawili wanalipia karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Mabishano haya ni matamu, nami nayapenda. Lakini kasoro yake ni kwamba twabishania majina tu, na kile kilichomo ndani ya chombo hatukitaji.

Najua wako wanachama watakaouliza kwa nini karatasi ya chama inaandika habari za pombe. Ndugu zetu wa Friends na wa Jeshi la Wokovu, ambao si wachache huku kwetu, hawaigusi kabisa, na nyumba zao nyingi zina nafuu kwa sababu hiyo. Simshawishi mtu anywe. Lakini mwenye kunywa hutoa fedha ya jasho lake, na fedha ya jasho ni jambo la chama, iwe imekwenda kwenye unga au kwenye bia.

Tazameni kwanza namna wazee wa Bungoma wanavyokunywa busaa. Unga wa mahindi hulowekwa mpaka uchachuke, hukaangwa juu ya bati, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi, nao huachwa siku chache. Wazee huketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mzee akivuta mara moja tu atakuambia: kimea ni kidogo, au unga umeungua, au hii ilikuwa tayari jana na leo imepita. Hasemi kwa siri. Husema mbele ya mama aliyeipika, na mama husikia, na safari ijayo huongeza wimbi. Wakati wa tohara, mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, nyumba iliyopika vibaya itasikia habari zake kwa bakoki wote. Hayo ndiyo maoni ya mnywaji yenye kazi. Yamemfikia mpishi siku ile ile.

Bia ya chupa ilitujia kwa njia nyingine. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka wa 1922, na jina la Tusker lilitoka kwa ndovu aliyemwua mmoja wa waanzilishi, George Hurst, mwaka wa 1923. Siku zile mabwana wa mashamba ya Trans Nzoia walikunywa bia yao katika klabu, na Mwafrika alikatazwa na sheria kuinywa kwa miaka mingi. Machifu nao walipewa nguvu ya kuzuia upikaji wa pombe za nyumbani. Basi ilipofunguliwa njia, chupa haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa cheti cha utu. Mtu aliiweka mezani ili ionekane. Desturi hiyo bado iko. Mpaka leo yuko mfanya kazi ambaye roho yake yataka busaa, lakini huagiza chupa kwa sababu mnyapara wake ameketi meza ya pili.

Mtu akinunua cheti, haulizi ladha. Hapo ndipo twapotea.

Chukueni jambo la baridi na moto. Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900, na usiku baridi hushika mifupa. Mhudumu huuliza, "Baridi au moto?" na wengi hujibu moto, maana yake isiyotoka kwenye friji. Bungoma iko chini kidogo, kuna joto, na vijana hutaka baridi mpaka chupa itoe jasho. Vijana huwacheka wanaokunywa moto, eti ni ushamba. Mimi nasema kinyume. Bia iliyopoa sana hutia ulimi ganzi. Ukali hausikiki, utamu hausikiki, na hata iliyoharibika yaweza kupita kooni bila kushitakiwa. Anayekunywa moto ndiye anayejua anakunywa nini. Akisema hii ina walakini, msikilizeni.

Tena kuna kreti zinazoachwa juani mlangoni mwa baa tangu asubuhi. Bia hutiwa hopsi, mmea unaoleta ule uchungu, na mwanga wa jua ukiipiga hugeuza hopsi hiyo ikatoa harufu mbaya. Chupa ya rangi ya udongo huzuia sehemu kubwa ya mwanga, ya kijani huzuia kidogo. Joto nalo huizeesha bia kabla ya siku zake. Mnywaji huonja, hukunja uso, halafu hunyamaza. Kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu ya raundi. Aliyenunuliwa bia na rafiki yake aona aibu kusema ni mbaya, na aliyenunua aona aibu kukiri fedha yake imepotea. Basi meza nzima humaliza bia mbovu kwa heshima.

Sasa niseme habari ya pipa, maana hapo ndipo fedha ya mtu mdogo iliko. Senator ililetwa mwaka wa 2004, Serikali ilipoiondolea ushuru ili watu wenye kipato kidogo waache pombe za kuua. Mwaka wa 2013 ushuru ulirudishwa kwa kiasi cha asilimia 50, bei ikapanda, wanywaji wakakimbia, na wakulima wa mtama waliokuwa wakiiuzia kampuni wakabaki na magunia. Mwaka wa 2015 Serikali ilirudisha nafuu kubwa. Wakubwa walijifunza kwamba mnywaji wa kikombe akiondoka mahali pake, hesabu zao huanguka. Sisi wenyewe hatukujifunza. Bado twapokea kikombe chenye povu robo na kusema asante.

Pipa lina lita 50. Kwa haki hutoa vikombe 100 vya nusu lita. Mwenye baa akijaza povu kiasi kwamba kila kikombe kinapungua mililita 50, ambazo ni kama vijiko kumi vya chai, pipa lile lile litatoa vikombe 111. Vikombe 11 vimetoka hewani, na aliyevilipia ni wewe. Mkulima akipunjwa kwenye mizani ya mahindi huko Chwele, twapiga kelele kwamba ni wizi. Kenya ina Sheria ya Vipimo na Mizani, nayo haisemi kwamba bia ni halali kupunjwa kwa kuwa mnywaji amelewa.

Mtu mmoja akilalamika ataambiwa amezidiwa, atolewe nje. Watu kumi wa meza tatu wakisema neno moja, wakiwa bado na akili zao, mwenye baa atasikia. Mwaka wa 1971 Waingereza wanne, watu wa kawaida tu, walikuwa Ireland kwa mapumziko. Wakiwa kwenye vinywaji vyao walinung'unika kwamba makampuni makubwa yanaua bia ya asili ya kwao na kuwauzia bia ya mapipa isiyo na ladha. Wakaanzisha chama cha wanywaji, Campaign for Real Ale. Kilikua kikapata wanachama maelfu kwa maelfu, na bia waliyoitetea haikufa. Walianza kwa kusema waziwazi kilichomo kikombeni.

Lakini ulimi una mpaka wake, na hapa naomba msiufanyie mchezo. Methanoli, ile sumu inayoingia katika pombe kali za kuchanganywa vichochoroni, haitambuliwi kwa kuonja. Ladha yake hukaribiana na ya pombe ya kawaida. Nairobi mwaka wa 2000 ilikufa zaidi ya watu 100 kwa pombe ya namna hiyo, na Mei 2014 wakafa makumi katika kaunti za kati na mashariki, wengine wakapofuka. Wote walionja. Sheria ya mwaka wa 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa ya mwaka wa 1980 na kutaka itengenezwe kwa leseni na kutiwa kwenye chupa, lakini ya kichochoroni haikuisha. Kwa pombe kali msiulize "ni tamu?" Ulizeni imetoka wapi, nani aliitengeneza, na kama chupa ina muhuri wa ushuru. Muuzaji akikasirika, ondokeni.

Kwa bia ya pipa kazi ni rahisi zaidi. Mwisho wa mwezi huu, mkiwa Kitale au Bungoma, ombeni mhudumu chupa tupu ya Tusker iliyooshwa. Chupa hiyo ni ya nusu lita. Ngojeni povu la kikombe litulie, kisha mimineni bia polepole ndani ya chupa, mwenye baa akitazama. Ikikomea mabegani bila kupanda shingoni, kirudisheni kikombe kijazwe kabla hamjalipa cha pili.