Mdudu Mwenye Mikia Miwili

Akina mama wanaoteka maji kwenye vijito vya milimani hupenda kuniuliza: "Muuguzi, nikiona wadudu ndani ya maji, si ndiyo dalili kwamba maji ni machafu?" Mpendwa msomaji, inategemea ni mdudu gani. Wapo wanaostawi penye uchafu, kama minyoo myekundu ya matopeni. Lakini yupo mmoja ambaye ukimkuta kijitoni kwako unayo haki ya kufurahi, ingawa furaha hiyo ina mpaka wake.

Huyo ni inzi wa mawe. Jina lisikupotoshe, maana hana undugu na inzi wa chooni. Akiwa mzima huwa na mabawa manne anayoyalaza mgongoni, na uhai wake wa nchi kavu ni mfupi. Sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha akiwa mchanga, chini ya mawe, pale maji yanapokwenda kwa kasi. Duniani zimetambuliwa aina zaidi ya 3,500, nyingi zikiwa za nchi za baridi. Wetu wa Afrika Mashariki karibu wote ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Neoperla. Zamani ilidhaniwa kwamba karibu Afrika yote ya kitropiki ina aina moja tu. Walipochunguza vizuri zaidi, hata mayai yake, wakakuta ni aina nyingi zenye sura moja.

Kumtambua si kazi ngumu. Inua jiwe penye maji ya kasi, ulitazame upande wa chini. Inzi wa mawe ana mikia miwili, na kila mguu una kucha mbili. Mdudu mwingine anayefanana naye kwa kawaida ana mikia mitatu na kucha moja. Kwapani mwa miguu ana vishada vya nyuzi nyeupe, ambavyo ndivyo matamvua yake ya kupumulia. Ukishamwona, rudisha jiwe kama lilivyokuwa.

Hapo kwenye kupumua ndipo penye siri yake. Hewa ikipungua majini, huinuka na kuinama juu ya miguu yake, juu na chini, ili maji mapya yapite kwenye matamvua. Mama aliyewahi kuuguza mtoto mwenye nimonia, akaona mbavu zinavyobonyea, ataelewa hali hiyo mara moja. Maji ya nyuzi 10 hubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 25 hubeba kama 8 tu. Kwa hiyo miti ya kando ya kijito ikikatwa na jua likapiga maji, mdudu huyu huanza kutaabika kabla hata hujamwaga uchafu wowote. Ongeza maganda ya kahawa, mbolea ya ng'ombe na mabaki ya jikoni, vijidudu vinavyoozesha vitu hivyo vitaila hewa iliyobaki. Tope la mashamba nalo huziba nafasi zilizo kati ya mawe, naye hana tena pa kukaa.

Ndiyo maana katika njia ya kupima mito iitwayo miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini na inayoweza kutumiwa hata na watoto wa shule, ruba hupewa alama 2, kaa 6, na inzi wa mawe 17, juu kuliko wote. Tanzania nayo ina kipimo chake cha mito kinachotumia wadudu, kiitwacho TARISS.

Sasa ule mpaka. Mdudu huyu hushuhudia hewa ya maji, hashuhudii usalama wa kikombe. Choo kimoja huko juu kinatosha kuleta homa ya matumbo au amiba bila kupunguza hewa ya kijito kizima, na inzi wa mawe akaendelea kuishi raha mustarehe. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa dakika moja, na kama mnaishi juu ya mita 2,000, dakika tatu. Konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia, hivyo si kawaida kumkuta penye kasi kama hiyo. Lakini nzi wadogo weusi wanaoeneza usubi huzaliana papo hapo penye kasi. Inzi wa mawe huwala watoto wao, ila hawamalizi.

Ikiwa mwaka jana alikuwepo na mwaka huu haonekani, usipige kelele siku hiyo hiyo. Mafuriko huwasomba, na wengine huwa wameshaota mabawa wakaruka. Tazama mawe kadhaa, urudie baada ya wiki chache. Akiendelea kukosekana, pandeni juu mkaangalie: nani amelima hadi ukingoni, nani anaoshea bomba la dawa za mimea kijitoni? Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kukumbushwa. Nasi wenyewe tunaofua, tuteke maji kwa ndoo, tufulie mbali, na povu tulimwage kwenye udongo.