Waraka kwa Wenzetu wa Kivuko: Salamu Kabla ya Bei

Kwa wavushaji wote wa upande wa Alunguli, wa kasia na wa injini, kwa wapagazi, kwa wamotari wanaongojea abiria hapo juu, kwa mama zetu wanaouza mihogo, samaki na mawese kando ya maji.

Ndugu zangu, nawaandikia kwa ajili ya watu tusiowajua majina.

Mnajua jinsi mji wetu ulivyokaa. Lualaba imeupasua Kindu. Kasuku na Mikelenge ziko ng'ambo ile, pamoja na stesheni ya treni na uwanja wa ndege. Sisi Alunguli tuko peke yetu ukingo wa mashariki, na daraja hakuna. Mtu aliyetoka Lubumbashi au Kongolo kwa treni, akitaka kufika Kalima au Pangi, lazima apite mikononi mwetu. Anayesukuma baiskeli kutoka Kalima na bidoni zake za mawese, akitaka kuuza Kasuku, naye lazima apite mikononi mwetu. Kwa hiyo sura ya kwanza ya Alunguli anayoiona mgeni haiwi ya burgumestri, wala ya padri, wala ya shehe. Ni ya kijana aliyeshika kasia na ya mama aliyekaa nyuma ya beseni la samaki. Akishatuona sisi, ameshauona mji.

Na sura hiyo siku hizi haipendezi. Mtumbwi haujagusa mchanga, watu wameshaingia majini mpaka magotini kugombea mizigo. Nauli ambayo kila mtoto wa hapa anaijua, mgeni anatajiwa mara mbili, mara tatu yake. Na akishafika katikati ya mto, ndipo anapoambiwa kwamba mzigo nao una bei yake. Mzee akiteleza kwenye tope, anachekwa. Mwenye lafudhi ya mbali anaigwa mbele ya uso wake. Si wote wanaofanya hivi, lakini wote tunaona, na anayeona akanyamaza amekubali.

Wengine wenu mlikuwepo alipofika yule mama mwenye watoto wawili, godoro la sponji limekunjwa kwa kamba na sufuria imefungwa juu yake. Mguu wake ulikuwa bado ndani ya mtumbwi wakati vijana watatu walipoukamata mzigo, kila mmoja akiuvuta upande wake. Kamba ikakatika. Godoro likafunguka topeni, na nguo za watoto zilizokuwa zimeviringishwa ndani yake zikamwagika. Mtoto mdogo akalia. Mama alipiga kelele kwa Kiswahili cha Kivu, na mtu mmoja nyuma akajibu kwa neno la matusi ambalo sitaliandika hapa.

Ndipo mama mmoja muuza mihogo akainuka. Hakugombeza mtu. Alimchukua mtoto akamweka kiunoni, akasema, "Jambo mama. Karibu. Keti kwanza." Akamtekea maji kwenye kopo lake mwenyewe. Mgeni alipokwisha kunywa, ndipo akamwuliza, "Unaenda kwa nani?" Mgeni akataja jina la baba yake mdogo na kijiji chake, njia ya Kalima. Kijana mmoja kati ya wale watatu wa godoro akasema anamjua mzee huyo, ni jirani wa shangazi yake. Aliokota nguo moja moja, akazikung'uta, akafunga kamba upya, akabeba mzigo mpaka kwa wamotari, na bei aliyotaja ilikuwa ile ile ya sisi sote.

Tazameni mambo yalivyogeuka. Kijana hakuhubiriwa. Alichohitaji ni mtu mmoja wa kuuliza swali ambalo watatu wao, kwa haraka ya faranga mia tano, hawakuwa na nafasi ya kuliuliza. Kabla ya swali, yule mama alikuwa mzigo wenye miguu. Baada ya swali akawa mtoto wa fulani. Hilo ndilo ninalotaka kuwasihi katika waraka huu: tusalimie, tuulize, halafu ndipo tutaje bei. Tusiamue mtu ni nani kabla ya kumwuliza.

Mtu ataniambia hili ni jambo dogo. Ndugu yangu, katika mji huu wa Kindu watu wamekufa kwa kutoulizwa.

Wazee wanajua ninachosema. Vijana wengi hawajui, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na hatulisemi. Mwezi wa Novemba 1961, ndege mbili za Italia aina ya C-119 zilitua ng'ambo ile, kwenye uwanja wa Kindu. Zilikuwa zimewaletea mahitaji askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaya waliokuwa hapa. Marubani na wenzao walikuwa 13, wa kikosi cha 46 cha jeshi la anga chenye makao Pisa. Mwaka ule nchi ilikuwa na kidonda kibichi: Lumumba alikuwa ameuawa mwezi wa Januari, Tshombe alikuwa ameitenga Katanga na nchi, na Wabelgiji walikuwa wakipigana upande wake. Uvumi ukakimbia mjini kwamba waliotua ni Wabelgiji, askari wa miamvuli. Askari wetu wakawavamia Waitaliano wale walipokuwa mezani wanakula. Waliwapiga, wakawaua wote 13. Mabaki yao yalirudishwa kwao mwaka uliofuata, na mpaka leo kule Pisa kuna jengo la ukumbusho wao lenye jina la mji wetu. Huko mbali kuna watu wanaolijua jina la Kindu kwa jambo hilo tu.

Sisemi kwamba hasira ya mwaka ule haikuwa na sababu. Ilikuwa na sababu nyingi. Ila hasira ilikuwa juu ya watu wengine, na waliofika walikuwa wamebeba mahitaji. Swali moja lingetosha: ninyi ni nani, mmetoka wapi, mmeleta nini?

Wala tusidhani hayo yalikwisha na wazee. Mwezi wa Desemba 2021, kule Lweba, teritwari ya Fizi, meja wa FARDC, askari wa jeshi letu wenyewe, alishushwa garini na kundi la watu akauawa kwa sababu ya kabila lake. Walimwona uso wakaona wameshajua kila kitu. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, chuki ya namna hiyo ilipata kuni mpya. Kwenye kivuko chetu nimesikia mtu akiitwa adui kwa sababu ya pua yake na urefu wake. Nawaomba, na katika hili naomba kwa nguvu zangu zote: neno hilo lisisemwe tena hapa. Asiyejua linaishia wapi, nimekwisha kumwambia.

Najua jibu la baadhi yenu. Mtaniambia: vita vipo, wapelelezi wapo, wezi wapo, na wema wako utatuponza. Nimelifikiri hilo sana. Mgeni aliyesalimiwa, akaketishwa, akaulizwa anakwenda kwa nani, jioni anajulikana na watu watano: aliyemvusha, aliyempa maji, aliyembebea, motari aliyempeleka, na mwenye nyumba aliyempokea. Mgeni aliyetukanwa anapita pembeni gizani, na hakuna anayejua amelala wapi. Ni yupi kati ya hao anayetupa usalama? Ukiwa na shaka ya kweli juu ya mtu, shefu wa kartie yupo na kazi yake ni hiyo. Mkono wako wewe usimguse mtu.

Wengine husema watu wa Maniema tuna haki ya kuogopa wageni, na wanataja historia. Ni kweli, na tusiifiche. Kule juu ya mto, Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara waliotoka pwani waliingia sokoni siku ya gulio, wakawamiminia risasi akina mama waliokuwa wakiuza samaki na vyungu. Waliokimbilia mitumbwi walizama kwa jinsi mitumbwi ilivyojaa. Mamia walikufa. Msafiri Livingstone alikuwepo akaona kwa macho yake. Miezi yote aliyokaa Nyangwe alikuwa akitafuta mitumbwi ya kuvukia asiipate, kwa kuwa watu wa mto walimdhania mmoja wa hao wenye bunduki. Nani angewalaumu?

Lakini historia ile ile ina upande mwingine. Mchele wa Maniema, huu tunaojisifia mpaka Kisangani, ulifika hapa na watu hao hao wa pwani. Kiswahili ninachowaandikia kilikuja nao. Swala ya alfajiri mnayoisikia kutoka msikitini ilikuja nao. Ubaya na chakula vilishuka kwenye msafara mmoja, na babu zetu walilazimika kuchambua: huyu ana bunduki, huyu ana mbegu. Kuchambua kunataka macho na maneno. Anayefunga mlango kwa wote amewafungia wenye mbegu pia.

Na sisi wenyewe je? Mwezi wa Oktoba 1998 waasi wa RCD walipoingia Kindu, na miaka ya njaa iliyofuata, watu wengi wa hapa waliingia msituni. Familia nyingi zina mtu aliyelala wakati ule katika nyumba ya watu asiowajua, akala sombe yao, akapewa mkeka wao. Waliompokea hawakuwa na kitu. Muulize mama yako au bibi yako kama aliyempokea alitaja bei.

Kuna methali tunayopenda kuwatupia waliokimbia vita: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Inasemwa kwa sauti ya kufukuza, kana kwamba siku ya tatu ni siku ya kumwonyesha njia. Mimi nimelima, na najua kwamba jembe bila shamba ni chuma tu. Anayempa mgeni jembe amempa na mahali pa kulima, amemwonyesha mpaka uko wapi na mvua huanza lini, amekubali kwamba atavuna hapa. Hiyo ndiyo heshima waliokuja wanayoiomba. Wengi wao hawataki kulishwa. Wanauliza nani ana kipande cha ardhi, nani anahitaji mtu wa kupura mpunga. Mama zetu wa kivuko mnawajua wenye mashamba. Mkipeleka jina moja tu kwa mtu mmoja, mmefanya kazi kubwa.

Sitawafundisha dini, mnayo. Waislamu wenzangu wanajua kwamba msafiri aliyekwama njiani anatajwa katika Kurani kati ya wenye haki ya kupewa zaka. Wakristo wanajua kwamba katika Matayo, sura ya 25, watu wanahukumiwa kwa mgeni waliyempokea au waliyemwacha nje. Hapo hatuna ubishi kati yetu.

Basi haya ndiyo tuliyopatana na viongozi wa makundi yote manne, wavushaji, wapagazi, wamotari na mama wauzaji, na ninayaandika ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Hakuna kuingia majini kugombea mzigo. Mwenye mzigo ashuke, asimame pakavu, asalimiwe, aulizwe kama anataka kubebewa. Akisema hapana, ni hapana.

Nauli isemwe kabla ya mtu kupanda, pamoja na ya mzigo, kwa sauti ambayo na wengine wanasikia. Mvushaji akifika katikati ya mto hana ruhusa ya kuongeza hata faranga moja. Abiria akilalamika kwa haki, ziada irudishwe palepale mbele ya watu.

Mzee, mama mjamzito, mgonjwa na mwenye ulemavu wapewe mkono wakati wa kupanda na wa kushuka, na mtumbwi ushikwe na watu wawili. Hili tulilijua zamani. Wagenya waliotufundisha kasia hawakuacha mtu aanguke kwenye ukingo wao.

Mwanafunzi asiye na nauli asiachwe juani. Avushwe, deni liandikwe.

Aliyefika usiku na hana pa kwenda, asilale kwenye mchanga. Tuna kibanda, tuna mkeka. Mama wauzaji wamekubali kuacha jagi la maji humo kila jioni, na taa iwepo mpaka mtumbwi wa mwisho ufike.

Matusi ya kabila, ya uso au ya lafudhi: anayeyatamka anaacha kasia siku tatu. Akirudia mara ya pili, jambo lake litaletwa kwenye mkutano wa wote.

Bao la nauli litasimamishwa kwenye njia ya kupandia, kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala, ili aliyetoka mbali asome mwenyewe bila kutegemea huruma ya mtu. Mbao tumeshazipata kwa fundi, rangi bado. Anayeweza kuchangia faranga mia tano, au nusu kopo la rangi iliyobaki nyumbani, amwone mweka hazina kabla ya Jumapili. Tunataka bao liwe limesimama treni ijayo itakapofika, kwa kuwa siku hiyo watu huwa wengi na wamechoka. Zamu ya taa wiki hii ni ya wavushaji wa injini. Wiki ijayo ni ya wamotari.

Mwenzenu,
Katibu wa kivuko, Alunguli