TUWEKE DAFTARI LA MAKABRASHA

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii haiwahusu wenye maduka peke yao. Inatuhusu hata sisi tunaojifunza kuandika programu kwa Python.

Chukua mfano wa kabrasha, au folda kama tunavyoliita, la Chama cha Kiswahili. Ndani yake mna makabrasha ya vidato vinne, na kila kidato kina kabrasha la Insha. Wengi wetu huandika programu inayofungua kabrasha moja baada ya jingine kila inapotafuta kitu. Jamani, huku si kubisha hodi kijiji kizima ukimtafuta mtu mmoja? Mimi nasema programu ipite mara moja tu, na kila kabrasha inalolikuta iliandikishe katika kamusi. Ikilihitaji baadaye, italiendea moja kwa moja.

Kuna wanaosema eti jina "Insha" latosha kuwa ufunguo. Sikubaliani nao kamwe! Katika kamusi ya Python, ufunguo mmoja hushika kitu kimoja tu. Ukiandikisha "Insha" mara nne, la mwisho huyaondoa matatu ya kwanza, tena kimyakimya. Kazi za vidato vitatu zitakuwa zipo lakini hazipatikani. Ufunguo na uwe njia nzima: Kidato cha Tatu, kisha Insha. Hata posta haiwezi kufikisha barua iliyoandikwa "Wanjiku, Kenya".

Isitoshe, kamusi haiweki nakala ya kabrasha, huweka rejeleo. Ni kama nambari ya nyumba, si nyumba yenyewe. Ukiongeza insha humo, atakayepitia kwenye kamusi ataiona pia. Wanaopenda kutoa nakala kila mahali hujikuta na insha mbili zisizopatana, na hakuna ajuaye ipi ndiyo sahihi.

Kweli, daftari lina kazi yake. Kabrasha likihamishwa, sharti kamusi isahihishwe. Programu ikifungwa, marejeleo yote hutoweka, kwa hivyo njia zenyewe ziandikwe katika faili ili kamusi iundwe upya.

Kipindi ni dakika 40 na kompyuta hazitutoshi. Dakika unazopoteza ukitafuta ni za mwenzako anayengoja zamu. Basi tuandikishe leo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu