Fundi wa Magari Naye ni Mwalimu

Dereva aliyeishiwa mafuta ya breki akamimina maji ya sabuni mahali pake hutuchekesha, hasa anapojisifu kwamba pedali imekuwa ngumu tena. Lakini kicheko hicho hukoma kwenye miteremko ya barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, ipitayo katika wilaya za Biharamulo na Ngara.

Mafuta mapya ya breki huchemka katika nyuzi zaidi ya 200 za sentigredi. Maji huchemka katika nyuzi 100, na penye mwinuko wa meta 1,500, unaofikiwa huko Ngara, karibu nyuzi 95 tu. Breki zikipata moto mteremkoni, maji hugeuka mvuke. Na mvuke, tofauti na kioevu, hushindilika. Dereva hukanyaga, pedali huzama, gari halisimami.

Fundi akatazaye maji hayo huambiwa kwamba ana tamaa ya kuuza mafuta. Kwa hakika anatetea kanuni ya fizikia na roho za abiria. Ajali isiyotokea haina shahidi. Ndiyo maana fundi huyu hashukuriwi. Walimu wa fizikia na wamwalike darasani, na wanafunzi wamwulize sababu ya kukataa kwake.