Rungwe Ipewe Njia, Si Kioo Tu

Mwaka 1996 ilizinduliwa nchini Marekani huduma iliyoitwa WebTV. Shabaha yake ilikuwa njema: mtu asiye na kompyuta aweze kuingia katika intaneti kwa televisheni aliyo nayo sebuleni. Kisanduku kidogo kiliunganishwa na televisheni upande mmoja, na waya wa simu upande wa pili. Kampuni ya Microsoft iliinunua mwaka 1997, na mwaka 2013 huduma hiyo ikafungwa.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu ina funzo. Siri ya kisanduku kile haikuwa kioo, bali waya wa simu, ambao ulikwisha kufika katika nyumba nyingi mno za nchi ile. Televisheni ilipokea tu. Waya ndio uliompa mtazamaji uwezo wa kuuliza na kujibiwa.

Sisi tulipita njia nyingine. Ndugu zetu wa Visiwani walianza kuona televisheni ya rangi mwaka 1973. Bara ikangoja hadi 1994. Mkulima wa chai au ndizi wa Tukuyu, hata alipopata televisheni, kwa kawaida hakuwa na waya wa simu nyumbani. Mbeya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2013, alilazimika kununua king'amuzi. Kilimletea picha safi, lakini hakikumwezesha kuuliza bei ya chai wala tiba ya migomba yake. Uwezo huo aliupata kwa simu ya mkononi, kwa kununua bando.

Leo zinauzwa televisheni zenye intaneti ndani yake. Simu humfaa mtu mmoja. Televisheni moja iliyounganishwa shuleni hufaa darasa zima. Lakini tusidhani kwamba chombo peke yake ndicho maendeleo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unafika mpaka wa Malawi, na barabara kuu iendayo huko hupita Tukuyu. Basi swali letu kwa viongozi wahusika ni moja: kutoka mkongoni hadi shule na zahanati za vijiji vya Rungwe, nani atauvuta waya, na lini? Wananchi wa Micheweni na Makunduchi nao wana haki ya kuuliza vivyo hivyo.

Wahenga wa pwani walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Wajibu wa Serikali ya wananchi ni kulitia tanga.