Akiba Haiozi, Mwani Unaoza

Hakuna mgeni rasmi anayekwenda kuzungumza na akina mama wa pwani bila kuweka methali mbili mfukoni: haba na haba hujaza kibaba, na akiba haiozi. Akizitoa anapigiwa vigelegele. Anakabidhi sanduku la chuma lenye kufuli tatu, anapiga picha, anakunywa dafu, anaondoka. Leo nataka kumwambia jambo ambalo wenyeji wake, kwa heshima zao, hawamwambii: akiba haiozi, mheshimiwa, lakini mwani unaoza.

Anayedhani mwanamke wa Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, anahitaji kufundishwa kuweka akiba, hajawahi kukaa naye barazani. Mabibi zetu walicheza upatu kabla mradi wowote haujazaliwa: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka, na daftari liko kichwani. Huu mtindo wa hisa na sanduku, tunaouita kikoba, ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaingia Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Ulienea upesi kwa sababu uliwakuta watu waliokwishazoea kuchanga na kupokezana.

Nenda ukauone mkutano wao. Chini ya mkungu, juu ya mkeka, kila mwanachama ana namba yake na mahali pake. Wenye funguo ni watatu, kila mmoja katoka nyumba yake, na kila mmoja anafungua kufuli yake mbele ya macho ya wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti. Atakaye ananunua hisa moja, mwenye uwezo tano, na muhuri unagongwa kitabuni. Aliyechelewa, faini. Simu ikilia, faini. Kisha bakuli la mfuko wa jamii linapita, kwa ajili ya mgonjwa na msiba. Laiti ofisi zetu za umma zingehesabu fedha namna hii, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu angekosa la kuandika.

Basi nidhamu ipo. Kinachokosekana ni cha kutia sandukuni.

Tupige hesabu. Tuseme hisa ni shilingi 2,000, na mama anamudu moja tu kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Siku ya mgao anapokea 104,000 zake mwenyewe, na faida juu. Hiyo faida imetoka wapi? Imetoka kwa wenzake waliokopa, na kwake yeye alipokopa. Sanduku halizai. Sanduku ni mtungi: linatunza maji yaliyotekwa, lakini halitoi maji. Na kisima cha akina mama hawa ni bahari.

Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989. Leo kinawashika maelfu ya watu Unguja na Pemba, na katika kila kumi karibu wanane ni wanawake. Bamvua likipwa, wanashuka pwani na vijiti, kamba na taitai, yaani vikamba vya kufungia, wanafunga mbegu moja moja, migongo imeinama, maji ya chumvi magotini, jua utosini. Baada ya wiki kama sita wanavuna, wanabeba magunia mabichi hadi ufukweni, wanaanika, na mvua ikipita wanaanza upya. Kilo saba mbichi zikikauka zinabaki kama moja. Hiyo moja, ikiwa ni ya aina ya spinosamu, kwa miaka mingi bei yake imehesabiwa kwa mamia ya shilingi, si kwa maelfu. Mwani huohuo unasafirishwa ng'ambo, unatolewa utomvu wake, kisha unaingia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi.

Nani alipanga bei? Mnunuzi. Nani kwa miaka mingi aliwapa wakulima kamba na taitai kwa sharti la kumuuzia yeye? Mnunuzi. Mizani ya nani? Ya mnunuzi. Halafu tunamkalisha mkulima darasani tumfundishe matumizi mazuri ya fedha!

Upo mwani wenye bei nzuri zaidi, kotonii. Huo ndio unaooza. Kaskazi likiingia na maji ya kina kifupi yakichemka, matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika kambani. Hauozi wa mama mmoja, unaoza wa ghuba nzima. Kikundi kikiwa na wanachama 25, wote wanakosa mavuno mwezi mmoja, wote wanataka kukopa wiki moja, na wote wanashindwa kurejesha kwa pamoja. Hapo kikoba kinafika mwisho wa kamba yake, kwa maana kimeundwa kumbeba mmoja aliyeanguka, na siku hiyo wameanguka wote. Anayengoja mlangoni ni mkopeshaji wa kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya.

Sivibezi vikoba. Vimeezeka mabati, vimelipa ada, vimezika watu kwa heshima, na vimempa mke sauti ndani ya nyumba ambamo zamani alikuwa akiomba hata fedha ya chumvi. Ninachokikataa ni kukigeuza kikoba kuwa kisingizio. Mtoto akiugua, kikoba. Mazao yakioza, kikoba. Kila jukumu ambalo serikali, mnunuzi na mfadhili wanalikwepa, linatupwa ndani ya sanduku la mama anayenunua hisa moja kwa wiki, kisha tunaita hilo uwezeshaji.

Dawa inajulikana. Kotonii inataka maji ya kina, yenye ubaridi. Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ameutafiti mwani kwa miongo kadhaa, na pamoja na wakulima amejaribu nyavu za mrija za kulimia huko kwenye kina. Lakini kina kinataka boti, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wa akina mama hawa hakuna aliyewahi kuwafundisha kuogelea. Niambieni, hisa ngapi za shilingi 2,000 zinanunua boti? Huko Bweleo na Kidoti wapo wanaosaga mwani na kutengeneza sabuni, na mwani uliogeuzwa sabuni una tija kuliko mwani uliouzwa kwa gunia. Lakini mashine hainunuliwi kwa bakuli la mfuko wa jamii.

Na tusisahau ufukwe wenyewe. Pwani ya mashariki hoteli zimejipanga bega kwa bega, na mkulima wa mwani anatazamwa kama uchafu unaoharibu mandhari ya mgeni. Wizara yenye jina la uchumi wa buluu tunayo tangu 2020. Buluu hiyo ianze kwa kumwandikia mkulima eneo lake la kulimia na kuanikia, kwa karatasi yenye muhuri kama wa kitabu chake cha hisa.

Kwa hiyo, mgeni rasmi ajaye, sanduku liache nyumbani. Masanduku tunayo, na funguo ziko katika mikono safi kuliko mingi ya wanaotuhutubia. Njoo na mizani iliyokaguliwa, boti, mwalimu wa kuogelea, na bei waliyokaa wakulima mezani wakaipanga. Methali tutakusomea sisi.